Uvira, Mji Kati ya Mlima na Ziwa

Mji wa Uvira umo katika Kongo, mkoa wa Kivu ya Kusini, pale ziwa Tanganyika linapoishia upande wa kaskazini. Mbele yake, ng'ambo ya maji, ni Bujumbura, mji mkubwa wa Burundi. Nyuma yake ni milima ya Mitumba. Kati ya milima na maji kuna nchi tambarare nyembamba, na juu ya nchi hiyo watu wamejenga mji wao. Mji haukupata nafasi ya kuwa mpana, basi ukawa mrefu kama kamba: toka Kavimvira, kaskazini, hata Kalundu, kusini.

Mgeni hushangazwa kwanza na jua. Asubuhi jua hutokea juu ya milima ya Burundi, na nuru yake huvuka ziwa mpaka milangoni mwa nyumba. Lakini jioni halikawii. Hujificha mapema nyuma ya Mitumba. Uvira imekwisha kuingia kivulini, na huko Bujumbura jua lingali likiwaka. Pepo nazo zina zamu zao. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Hewa yake ya moto hupanda juu, na upepo wa baridi wa ziwa huja kushika nafasi yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi, na upepo huteremka toka milimani kwenda ziwani. Mvuvi asiyezijua zamu hizo atapiga kasia bure.

Milima hiyo na ziwa hilo vilizaliwa pamoja. Zamani sana ardhi ya Afrika ilipasuka kwa ufa mrefu. Kandokando nchi iliinuka ikawa milima. Katikati ilizama, na maji yakaingia. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake kinafika meta 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa la Baikal tu, kule Urusi, linalolishinda kwa kina. Uso wa maji yake uko meta 770 hivi juu ya bahari. Mtoto anayejua kutoa hesabu ataona mara moja kwamba sakafu ya ziwa iko chini kuliko uso wa bahari yenyewe, karibu meta 700.

Mtu anayekuja toka Bukavu, au toka Bujumbura, huingia mjini kwa mtaa wa Kavimvira. Hapo mpaka wa Burundi ni karibu. Kaskazini yake umelala uwanda wa Rusizi, nchi ya joto, ya mashamba ya mpunga na mihogo, na huko Kiliba kulilimwa miwa kwa kiwanda cha sukari. Mto Rusizi wenyewe, wenye viboko na mamba, hutoka ziwa Kivu na kuingia Tanganyika.

Leo hata mtoto mdogo ajua mto huo waelekea wapi. Lakini zamani jambo hilo liliwatesa sana wataalamu wa Ulaya. Walitaka kujua Nili huanzia wapi, na wengine walidhani kwamba Rusizi hutoka Tanganyika kwenda kaskazini mpaka Misri. Mwaka wa 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walikuja Uvira kwa mitumbwi toka Ujiji. Wakati ule Uvira ilikuwa mwisho wa safari za wafanyabiashara wa pwani upande wa kaskazini; walikuja kutafuta pembe za ndovu, na watumwa pia. Wenyeji waliwaambia wageni hao kwamba mto huingia ziwani, hautoki. Burton alikuwa mgonjwa, na wapiga makasia walikataa kuendelea mbele, basi hawakuuona kwa macho. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika kwenye mdomo wa mto, wakaona maji yakiingia. Wenyeji wa Uvira walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo, tena bila darubini.

Mitaa ya Uvira ni mingi: Mulongwe, Kasenga, Kimanga, Kakombe, Kabindula, Nyamianda, Songo, Rombe na mingine. Kuna soko zake, shule zake, na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, kwa maana Uvira ni makao ya askofu tangu mwaka wa 1962. Lakini anayetaka kuufahamu mji huu, na aende kwanza kusimama kwenye daraja moja wakati wa kiangazi na kutazama chini. Ataona mto mdogo, na kandokando yake mawe mengi ajabu, makubwa kwa madogo. Mawe hayo yametoka wapi?

Yametoka mlimani. Mto kama Mulongwe au Kalimabenge huteremka kwa mbio, na maji yenye mbio yana nguvu ya kubeba. Hubeba udongo, changarawe, na wakati wa mvua kubwa hata mawe mazito. Ukifika chini, kwenye tambarare, mto hupunguza mwendo. Hauwezi tena kuuchukua mzigo wake, huutua. Mwaka kwa mwaka mzigo ulirundikana na kulisukuma ziwa nyuma. Hivyo kiwanja cha mji kililetwa na mito yenyewe, kapu kwa kapu. Mpaka leo watu huchota mchanga na kuokota mawe humo ili wajenge nyumba.

Kazi hiyo ya mito haijakwisha. Mawe yakijaa ndani ya mto, sakafu yake huinuka, na mvua kubwa ikinyesha maji hukosa njia yao na kutafuta nyingine, yaani kati ya nyumba. Mambo huwa mabaya zaidi miti ya mlimani ikikatwa kwa makala, au miteremko ikilimwa bila kuacha majani ya kushika udongo. Mwezi wa Aprili 2020 mvua ilinyesha sana juu ya Uvira. Mulongwe na mito mingine ilifurika. Watu wengi walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka au kujaa matope, na madaraja yalivunjika. Mitambo inayosafisha maji ya mto Mulongwe kwa ajili ya mabomba ya mji iliharibika nayo, na hilo lilikuwa jambo zito, maana Uvira inaujua sana ugonjwa wa kipindupindu, ambao huletwa na maji machafu. Wengine walirudi kujenga pale pale. Tambarare nyingine wangeipata wapi?

Upande wa ziwa kuna chakula. Usiku usio na mwezi taa za wavuvi huonekana mbali juu ya maji. Ndagala, samaki wadogo kama kidole, hufuata mwanga, na wavuvi huinua wavu mkubwa toka chini yao. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa hazina kazi, basi wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Asubuhi ndagala huanikwa, na mikebuka, walio wakubwa, huuzwa wabichi. Samaki wa aina nyingi humo hawapatikani katika ziwa lingine lolote duniani. Ndiyo sababu Uvira ina nyumba ya wataalamu wanaochunguza viumbe vya majini, kazi iliyoanzishwa wakati wa Wabelgiji.

Mwisho wa mji ni Kalundu, penye bandari. Njia ya maji toka hapo yafika Kalemie, Kigoma, hata Mpulungu katika Zambia. Lakini ziwa nalo lina mambo yake. Mito mingi huingia ndani yake, na mmoja tu hutoka, Lukuga, karibu na Kalemie. Maji mengine hupunguzwa na jua. Mvua za miaka michache zikizidi, ziwa hupanda. Katika 2020, na tena katika 2024, liliingia katika nyumba za pwani, na bandari ya Kalundu ikafikiwa na maji. Watu waliobanwa na mto upande mmoja walibanwa na ziwa upande wa pili.

Kupita Kalundu, mlima husogea karibu zaidi, na barabara hushika ukingo wa ziwa kwenda Makobola, Baraka na Fizi. Njiani kuna Pemba. Huko, na kwenye rasi ya Banza mbele yake, mwaka wa 1987 wataalamu walikuta chemchemi za maji ya moto zikitoka katika miamba chini ya ziwa, nyingine zikipita nyuzi 80. Ni moto wa ule ufa wa zamani, na mapovu yake hupanda mpaka juu ya maji.