Jasho halisafishi damu, mshikaji!

Jumamosi asubuhi pita Coco Beach uone vituko. Vijana wamevaa majaketi mazito kama vile wako Makete mwezi wa saba, wanakimbia huku jasho linawachuruzika. Waulize, watakujibu kwa mbwembwe: "Tunatoa sumu mwilini, bwana!"

Mazoezi ni safi, hatuna ugomvi nayo. Ila kwenye hilo la sumu wameingizwa mjini. Jasho ni maji na chumvi, na kazi yake kubwa ni kuupoza mwili. Uchafu linaoutoa ni kiduchu. Tena ukilimwaga ovyo bila kunywa maji, unawatesa wale wanaosafisha kweli.

Wenyewe ni akina nani? Subiri kwanza tuujue uchafu.

Mwili ni kama jiko, ukipika lazima majivu yapatikane. Wali na mafuta vikishaungua vinaacha maji na hewa ya ukaa. Hewa hiyo inabebwa na damu hadi kwenye mapafu, nawe unaipumua nje bila hata kufikiri.

Kasheshe iko kwenye mishikaki, samaki na maharage. Protini ikivunjwavunjwa inaacha amonia, na hiyo ni sumu kweli kweli. Ini linaidaka, linaigeuza kuwa yurea isiyo na makali sana, kisha linairudisha kwenye damu. Ini hilohilo linashughulikia pia mabaki ya chembe nyekundu za damu, ambazo huishi siku 120 hivi. Mabaki hayo hutoka na nyongo, na ndiyo yanayokipa choo rangi ya kahawia.

Sasa yurea nani anaitoa? Hapo ndipo wanapoingia wachapakazi wawili waliojificha mgongoni, usawa wa mbavu za mwisho, kila mmoja saizi ya ngumi yako. Ni figo hizo! Kila figo ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja vinachuja kama lita 180 za majimaji, wakati damu yako yote ni lita 5 tu hivi. Maana yake damu ileile inapitishwa tena na tena. Maji, sukari na chumvi zinazohitajika zinarudishwa, na kinachobaki, lita moja au mbili, ndiyo mkojo wako.

Ubaya wa figo ni ukimya. Zinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake na wewe bado unakata mauno ukumbini. Ukija kuona uso na miguu inavimba, unachoka ovyo na kichefuchefu hakiishi, mara nyingi mambo yameshaharibika.

Maadui wake wakubwa ni presha na kisukari. Mwingine tunamnunua wenyewe dukani: vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo watu wanavitafuna kila siku kama karanga, bila daktari kujua.

Figo zikigoma kabisa, utasafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Au ndugu yako akupe figo yake moja. Hapa kwetu upandikizaji wa kwanza ulifanyika Muhimbili Novemba 2017. Kabla ya hapo safari ilikuwa India, kwa mwenye uwezo.

Kwa hiyo achana na wauza chupa za "kusafisha mwili". Kunywa maji ya kutosha. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mara nyingi ujue mwili una kiu, na usipobadilika hata baada ya kunywa, muone daktari. Pima presha na sukari. Omba pia kipimo cha mkojo na kile cha damu kiitwacho kreatinini. Hospitali nenda mwenyewe kwa miguu yako, usisubiri figo zikupeleke.