Kukaa Uwanjani: Tathmini ya Ubora na Udhaifu wa Hasheem Thabeet Akiwa Mchezaji wa Chuo Kikuu, na Maana Yake kwa Uteuzi wa Wachezaji Wilayani Kibiti

Mwalimu wa michezo wilayani Kibiti anapoteua timu ya mpira wa kikapu kwa ajili ya UMISSETA, muda alio nao ni mfupi. Wanafunzi wanaotoka kata za delta ya Rufiji, kama vile Salale na Maparoni, husafiri kwa boti kabla ya kuipata barabara. Kwa haraka hiyo, kigezo kinachotangulia vingine vyote ni urefu. Mimi mwenyewe, katika miaka niliyofundisha huko, niliteua hivyo: niliwapanga vijana kwa kimo, kisha nikahesabu kuanzia kwa mrefu kuliko wote. Makala hii inakihoji kigezo hicho kupitia Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA, Hasheem Thabeet, na hasa miaka yake ya chuo kikuu.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Akiwa na kimo cha takriban meta 2.21, alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, nchini Marekani, kuanzia 2006 hadi 2009 chini ya kocha Jim Calhoun. Katika msimu wa tatu wastani wake kwa mchezo ulikuwa pointi 13.6, mipira 10.8 iliyodakwa baada ya kurudi kutoka kikapuni, na mitupo 4.2 iliyozuiwa. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alipata pointi 15, akadaka mipira 11 na kuzuia mitupo 10. Alitajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mara mbili mfululizo, na mwaka 2009 timu yake ilifika hatua ya nne bora kitaifa. Mwezi Juni mwaka huo Memphis Grizzlies walimchagua akiwa wa pili, mbele ya James Harden (wa tatu) na Stephen Curry (wa saba).

Ubora huo ulikuwa wa kweli, na sehemu yake haikuingia katika takwimu. Mshambuliaji aliyejua kwamba Thabeet yuko chini ya kikapu alibadili mtupo wake au aliacha kabisa kuingia, nao walinzi wa mbele waliweza kumbana mwenye mpira bila hofu ya kupitwa.

Udhaifu nao ulionekana msimu uleule. Tarehe 16 Februari 2009 Connecticut ilipambana na Pittsburgh, na DeJuan Blair, mfupi kuliko Thabeet kwa takriban sentimeta 20, alipata pointi 22 na kudaka mipira 23. Thabeet aliondoka na pointi 5 na mipira 4. Inafaa kukaa kidogo kwenye mchezo huu. Silaha kubwa ya Blair ilikuwa kushusha kiuno, kumsukuma mpinzani kwa mwili na kuishika nafasi kabla mpira haujarudi, hata mikono mirefu ya nyuma yake ikabaki haina kazi. Isitoshe, Thabeet alikuwa mtoaji hafifu wa pasi: pasi zake zilizozaa pointi hazikufika hata wastani wa moja kwa mchezo.

Katika NBA, msimu wake wa kwanza ulikuwa na wastani wa dakika 13 na mitupo 1.3 iliyozuiwa. Kiwango hicho kikinyooshwa hadi dakika 32, ambazo ndizo takriban alizokuwa akicheza chuoni, kinazidi kidogo mitupo 3. Kwa hiyo uwezo wa kuzuia ulipungua kiasi, lakini haukutoweka. Kilichopungua zaidi ni muda wa kuwapo uwanjani. Kanuni nazo zilibadilika: NBA humkataza mlinzi kukaa zaidi ya sekunde tatu katika eneo la chini ya kikapu bila kumkaba mtu, katazo ambalo mchezo wa chuo haukuwa nalo. Wapo wanaomhukumu Thabeet kuwa alishindwa. Hukumu hiyo naiona ya pupa, kwani dakika hugawiwa na kocha; hata hivyo, mtathmini alipaswa kuuliza mapema ni udhaifu gani ungemrudisha kwenye benchi.

Swali hilo linawezekana Kibiti pia, bila kifaa chochote zaidi ya penseli na saa. Kanuni za FIBA hazina katazo hilo la sekunde tatu kwa mlinzi, kwa hiyo kijana mrefu anayesimama tu chini ya kikapu huonekana bora kuliko alivyo. Napendekeza mwalimu aandike dakika ambazo mwanafunzi amecheza, faulo alizofanya, na mahali aliposimama wakati mpira unatoka mkononi mwa mtupaji. Muuza miti ya mikoko katika delta hutenga pau, boriti na nguzo kwa unene, lakini fundi hainunui kabla ya kujua itabeba nini.

Kipimo hiki cha mahali nilikikosa siku moja mwenyewe. Kijana mmoja wa delta, mfupi, aliyelipiwa nauli ya boti na mama yake, alidaka mipira mingi kuliko wenzake wote katika jaribio la dakika kumi. Nilidhani ni bahati, nikaandika jina la mrefu aliyekuwa kando yake.