Hela ya Mboga Ikihesabiwa kwa Wiki

Ikishagonga saa kumi na moja jioni, maduka ya uchochoroni Mbagala, Tandale na Manzese jijini Dar es Salaam huanza kujaa. Mtoto katumwa sukari robo na majani ya chai ya mia mbili. Mama anayetoka kazini anataka mafuta ya buku, sembe kilo moja na nusu, na kiberiti. Kijana aliyepanga chumba anaomba mchele nusu kilo na nyanya mbili. Muuzaji anapima, anafunga, anahangaika na chenji, kisha anamgeukia anayefuata. Kesho jioni wengi wao watarudi kununua vitu vilevile kwa kiasi kilekile.

Ukiwauliza wanatumia shilingi ngapi kwa wiki kwa chakula, wengi watakutajia ya siku. Ndivyo hela inavyoingia. Bodaboda anarudi nyumbani na alichopata leo, fundi ujenzi analipwa siku akiitwa, na mama anayeuza maandazi anatoa faida ya asubuhi kununua mboga ya jioni. Baba akitoka anaacha ya kula mezani, na mama wa nyumba ndiye anayeigawa mpaka itoshe. Akishindwa kuitosheleza, lawama ni zake. Hesabu ya wiki inabaki kwa wachache wenye mshahara, friji na mahali pa kuweka mfuko wa mchele.

Hata hivyo ni hesabu inayofaa kufanywa, kwa sababu ndiyo inayoonyesha mzigo wenyewe.

Tuanzie chini kabisa. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, uliweka mstari wa umaskini wa chakula Tanzania Bara kuwa shilingi 33,748 kwa mtu mzima kwa mwezi. Ukiigawa kwa siku 30 na kuzidisha kwa saba, unapata kama shilingi 7,900 kwa wiki, yaani zaidi kidogo ya 1,100 kwa siku kwa milo yote. Kwa bei za wakati ule, aliye chini ya hapo alihesabiwa hawezi kumudu hata chakula cha kumtosha. Asilimia 8 ya wananchi wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari huo, na asilimia 26.4 hawakumudu mahitaji ya msingi kwa ujumla wake.

Sasa tuchukue familia ya watu watano inayokula kawaida, bila anasa. Bei za Dar es Salaam hupanda na kushuka, na soko moja halifanani na lingine, lakini kwa mfano huu tuseme sembe ni 1,500 kwa kilo, mchele 2,500, maharage 3,000, sukari 3,000, mafuta 6,000 kwa lita na nyama ya ng'ombe 12,000. Kwa wiki familia hii inatumia kilo tano za sembe, kilo tano za mchele, kilo mbili za maharage, kilo mbili za sukari, lita moja ya mafuta na kilo moja ya nyama ya Jumapili. Hapo ni shilingi 50,000. Dagaa wa 5,000 wanafikisha 55,000. Nyanya, vitunguu, mchicha, matembele na nazi haviwezi kupungua 2,500 kwa siku, sawa na 17,500. Chai ya asubuhi na maandazi au mkate, 2,000 kwa siku, ni 14,000 nyingine. Jumla 86,500. Ongeza mkaa wa 1,500 kila siku, maana maharage mabichi hayaliwi, na wiki inafunga kwa shilingi 97,000.

Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni kama shilingi 416,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, kilichopandishwa kutoka 370,000 kuanzia Julai 2025, ni 500,000 kabla ya makato. Kodi ya nyumba, nauli, umeme, maji, dawa na daftari za watoto vinasubiri kwenye hicho kinachobaki. Na hapa tunamzungumzia mwenye ajira ya uhakika. Amri ya kima cha chini iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimpa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wake shilingi 60,000 kwa mwezi, ambazo hazifikishi hata kapu la wiki moja la familia hii.

Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel, aliyekuwa akiongoza ofisi ya takwimu ya Saxony, alipitia matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji. Akaona kwamba kadiri familia inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya fedha yake inavyoishia kwenye chakula. Wachumi wamerudia hesabu hiyo nchi baada ya nchi na kupata jibu lilelile. Mwenye kipato kikubwa Masaki anaweza kula samaki kila siku na bado chakula kikawa sehemu ndogo ya matumizi yake. Familia yetu ya mfano inakula nyama mara moja kwa wiki na bado sufuria inameza zaidi ya robo tatu ya kima cha chini cha serikali.

Ndiyo maana taarifa ya mfumuko wa bei inayotolewa kila mwezi mara nyingi haifanani na yanayosemwa gengeni. Katika kapu linalotumika kupima bei nchini, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vilikuwa na uzito wa asilimia 47.8 kwa kapu la mwaka 2010, kisha 38.5 kwa kapu la 2015, na 28.2 kwa kapu la 2020. Uzito huo unatokana na matumizi ya kaya zote yakiwa yamejumlishwa, kwa hiyo anayetumia mamilioni kwa mwezi anauvuta kuliko anayetumia laki mbili. Mwaka 2024 mfumuko wa bei kwa wastani ulikuwa asilimia 3.1. Ni takwimu sahihi kwa taifa. Kwa nyumba ambayo nusu au zaidi ya hela yake inaliwa, wiki moja ya nyanya kuadimika inatosha kuvuruga bajeti ambayo kwenye takwimu hizo inaonekana kutulia.

Tatizo la pili limo kwenye kipimo. Dukani ambako kilo ya sukari ni 3,000, robo kwa haki ni 750 na nusu robo ni 375. Lakini sarafu ndogo hazionekani tena kwenye mzunguko, muuzaji hana chenji ya ishirini na tano, na lazima afidie kinachomwagika na vifungashio. Nusu robo inakuwa 400, kwingine 500. Anayenunua hivyo mpaka afikishe kilo mbili za wiki analipa 6,400, au 8,000 kwenye duka la 500, wakati jirani mwenye hela mkononi analipa 6,000. Sukari ni ileile, na imetoka kwenye mfuko uleule. Fanya hivyo kwa mafuta, mchele, sembe, chumvi na mkaa, na aliyepungukiwa anajikuta analipia kila kilo zaidi ya aliyejaliwa.

Haifai kumlaumu mwenye duka. Yeye ndiye anayekopesha. Daftari lake la madeni limevusha familia nyingi tarehe 20 hadi tarehe 30, bila fomu, bila dhamana, na bila ya vitisho vya mikopo ya kausha damu. Anajua nani kafiwa, nani kasimamishwa kazi, na nani akiahidi Ijumaa analeta Ijumaa.

Wapo wanaouliza kwa nini watu hawaendi masoko ya jumla. Mabibo ndizi na matunda hushushwa kwa malori, Tandale kuna nafaka, Ilala na Temeke Stereo kuna mboga na viungo, na alfajiri Feri samaki hununuliwa kwa mnada. Bei huko ni nzuri kwa anayenunua tenga au gunia. Anayetaka nyanya za 1,000 atalipa nauli ya kwenda na kurudi, atapoteza saa mbili au tatu za kazi, na alichookoa kitakuwa kimeishia kwenye daladala. Akinunua nyingi, ataziweka wapi? Nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita, choo kimoja na mita moja ya umeme haina stoo. Chumba kimoja chenye kitanda, kabati na watoto watatu hakiwezi kuongezewa gunia, na panya nao wanahitaji kula.

Kuna jambo lingine ambalo kina mama hulisema bila kuficha: chakula kikionekana kingi, kinaliwa kingi. Wageni huongezeka, jirani huazima, watoto hujipakulia mara mbili. Anayenunua cha siku ana uhakika kwamba kesho hakijaliwa leo.

Wafanyabiashara wakubwa waliotarajia jiji hili lingehamia kwenye kununua kwa toroli walijifunza kwa gharama. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014 na kuondoka. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga matawi yake nchini Oktoba 2015. Nakumatt yenyewe ikaanguka miaka michache baadaye, Kenya na huku. Zipo supamaketi zinazoendelea vizuri leo, na wateja wake ni wengi kwenye maeneo ya wenye nafasi. Lakini Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na wengi wao wanalishwa na genge, duka la mtaani, machinga mwenye mkokoteni na mama ntilie.

Mfumo huu wa siku kwa siku unabeba maisha, ila haustahimili mtikisiko. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha mafuta ya alizeti na ngano duniani, na mwishoni mwa Aprili mwaka huo Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya mawese, ikasitisha kuyauza nje kwa wiki kadhaa. Tanzania huagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kupikia. Katika maduka ya uswahilini kipimo cha mafuta kilipungua ujazo huku bei ikibaki ileile, na vyakula vya kukaanga vikapungua mezani. Mwanzoni mwa 2024 ikawa zamu ya sukari. Mvua za El Niño zilijaza maji mashamba ya miwa, viwanda vikakosa malighafi, na kilo ikafika 4,000, kwingine 5,000. Januari mwaka huo Bodi ya Sukari ilitangaza bei kikomo za rejareja zisizozidi 3,200, lakini kwa wiki kadhaa bei hizo zilibaki kwenye tangazo. Mwenye kilo tano kabatini alisubiri wimbi lipite. Anayenunua nusu robo alilipa bei mpya siku ileile ilipopanda.

Mwezi wa Ramadhani mtikisiko huo huja kila mwaka. Magimbi, mihogo, ndizi mbichi, nazi na tambi hupanda kwa pamoja, katika nyumba ambazo futari ni heshima ya familia.

Hata moto unataka bajeti. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mitungi ya gesi ya kilo sita imeenea hadi vichochoroni. Tatizo ni kwamba gesi inataka hela ya mkupuo, na mkaa unauzwa kwa kopo. Familia yetu ya mfano inatumia 45,000 kwa mwezi kwa mkaa wa 1,500 kila siku, na huenda kwa hela hiyo ingejaza mtungi mdogo na kubakiwa na chenji. Lakini siku mtungi unapokwisha, iliyopo mkononi ni 1,500.

Kina mama wenyewe hawajakaa kusubiri. Katika mitaa mingi kuna mchezo wa chakula, ndugu wa ule mchezo wa fedha na wa vyombo. Wanawake kumi wakitoa 5,000 kila mmoja kwa wiki, baada ya wiki nne wana 200,000 taslimu. Mmoja au wawili wanaoaminika wanaenda sokoni, wananunua mfuko wa sukari, ndoo ya mafuta ya lita 20 au gunia la mchele, wanalipa mkokoteni mmoja, na mzigo unagawiwa barazani kwa mizani mbele ya wote. Mboga, dagaa na nyanya vinabaki vya kila siku. Vile vizito vinne au vitano, ambavyo ndivyo vinavyomnyonya zaidi mnunuzi wa vipimo vidogo, vinapatikana kwa bei ya jumla.

Vikundi hivi vinastahili kupewa nguvu zaidi ya kupongezwa kwenye hotuba. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, na kwa kawaida fedha hizo huelekezwa kwenye miradi ya kujipatia kipato. Kikundi kinachonunua mchele, mafuta na sukari kwa jumla na kuwauzia wanachama wake kwa nyongeza ndogo ya uendeshaji ni biashara yenye wateja wa uhakika, na marejesho yake yanaweza kukusanywa kila wiki. Maofisa maendeleo ya jamii wa kata wanavifahamu vikundi vya maeneo yao. Wanaweza kuanza na viwili au vitatu kwa kata, vikapewa mtaji wa mwezi mmoja na mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na baada ya miezi sita wanachama wakaulizwa kapu lao la wiki limepungua kwa shilingi ngapi.