Feni ya Rejeta Isiyozunguka: Uchunguzi wa Hitilafu ya Pikipiki na wa Neno "Moto" Lubumbashi

Makala haya yanahusu hitilafu ndogo ambayo, isipotambuliwa mapema, huweza kuangamiza injini nzima: kushindwa kwa feni ya rejeta katika pikipiki ya njia mbovu. Tumechagua mfano wa Lubumbashi kwa kuwa huko uchunguzi wa hitilafu hii huanza na utata wa lugha.

Mpanda pikipiki wa Lubumbashi akifika kwa fundi huweza kusema: "Moto iko moto." Msikilizaji atokaye pwani atashangaa. Neno la kwanza ni la Kifaransa, nalo maana yake ni pikipiki. La pili ni letu la siku zote. Katika Kiswahili sanifu upatanisho wa ngeli ungesaidia kuyatenga, kwani moto wa jikoni unawaka, ilhali pikipiki inawaka. Lakini wataalamu, tangu Edgar Polomé alipokieleza Kiswahili cha mji huo mwaka 1968, wameonyesha jinsi upatanisho huo ulivyorahisishwa. Hata hivyo utata wenye madhara hauko katika maneno mawili yenye umbo moja, bali katika neno la pili peke yake. Kila injini iliyotoka safarini ni ya moto. Je, hii imezidi kiasi? Na ilizidi lini?

Swali hilo la mwisho ndilo linalostahili kuulizwa kabla ya kushika bisibisi. Pikipiki nyingi za teksi hupozwa na hewa tu, wala hazina rejeta. Pikipiki kubwa za njia mbovu aghalabu hupozwa kwa maji yanayozunguka kati ya injini na rejeta, na upepo wa mwendo hupita katika mapezi ya rejeta hiyo ukachukua joto. Katika lami ya kwenda Kipushi upepo huo unatosha. Katika tope la masika, au katika mchanga, mpanda hutambaa kwa gia ya kwanza huku injini ikifanya kazi kubwa, na upepo haupo. Hapo ndipo feni inapohitajika. Kwa hiyo joto likizidi katika mwendo wa polepole tu, feni ishukiwe. Likizidi hata katika mwendo wa kasi, kwanza tutazame upungufu wa maji, rejeta iliyoziba, pampu, au gasketi ya kichwa cha injini.

Jambo moja la mahali lisisahauliwe. Lubumbashi iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta hubana maji yasichemke mapema; kikilegea, hasara yake huko ni kubwa kuliko Mombasa. Kifuniko hicho kisifunguliwe injini ingali ya moto, maana maji yatamrukia mtu usoni.

Tuje kwenye feni yenyewe. (Tungependa kuiita pangaboi, lakini masikioni mwa wengi hilo ni la darini.) Injini ikiwa imezimwa na kupoa, izungushwe kwa kidole: tope kavu au kijiwe huweza kuikwamisha, na feni iliyokwama huunguza fyuzi. Fyuzi ikiwa nzima, feni iunganishwe moja kwa moja na betri ya volti 12. Isipozunguka, mota yake imekufa. Ikizunguka, kosa liko njiani. Katika pikipiki zenye swichi ya joto ya nyaya mbili, nyaya hizo zitolewe kwenye swichi na kugusanishwa, ufunguo ukiwa umewashwa. Feni ikianza kuzunguka, swichi ndiyo mbovu. Isipoanza, zichunguzwe nyaya, viungo vyenye kutu na, palipo nayo, rilei. Zipo pikipiki za siku hizi ambazo feni yake huamrishwa na kompyuta, na kwa hizo njia hii ya kugusanisha nyaya haifai.

Mara nyingine swichi hulaumiwa bure. Maji yakipungua, swichi hubaki ndani ya povu la hewa, haipati joto la maji, na feni hukaa kimya wakati injini inatokota. Mtu hununua swichi mpya na hali haibadiliki.

Kuna pia hitilafu isiyoonekana kwa macho. Baada ya matengenezo nyaya mbili za feni huweza kubadilishana mahali, na feni ya mkondo mnyoofu ikazunguka kinyume. Mpanda atasema kwamba "ventilateur" inazunguka, naye atakuwa amesema kweli, lakini feni itakuwa ikisukuma hewa mbele, ikishindana na upepo wa mwendo. Feni nyingi hukaa nyuma ya rejeta na kuvuta hewa. Basi ishikwe karatasi nyepesi mbele ya mapezi: ikivutwa na kunata, mzunguko ni sahihi, ikipeperushwa, nyaya zigeuzwe.