Vizuiamimba vya Homoni na Kujifunza Kuogopa: Matatizo ya Istilahi

Mfasiri apewaye kazi ya kueleza kwa Kiswahili utafiti juu ya dawa za kuzuia mimba na namna binadamu anavyojifunza kuogopa hukutana na matatizo ya istilahi tangu mstari wa kwanza. Katika makala haya tunakusudia kuyachambua machache, kwani kosa la neno moja laweza kumfanya mama aache dawa aliyoandikiwa na daktari, ama afiche tatizo ambalo angepaswa kulisema.

Tuanze na dawa zenyewe. "Uzazi wa mpango", ambao zamani uliitwa pia "uzazi wa majira", ni jina la shughuli nzima wala si la dawa. "Vidonge" navyo ni sehemu tu, maana ziko sindano na vipandikizi. Na kitanzi cha shaba huzuia mimba bila ya homoni yoyote. Kwa hiyo twapendekeza "vizuiamimba vya homoni". Wako wapendao kuiita homoni "kichocheo". Neno hilo lina sura nzuri ya Kibantu, lakini limekwisha kubebeshwa mizigo mingi: wanakemia hulitumia kwa kitu kinachoharakisha mmenyuko, na wanasaikolojia kwa jambo linaloamsha itikio. Katika utafiti huu homoni na jambo hilo hukutana katika sentensi moja. Homoni na iitwe homoni. Kadhalika "projesteroni" ni ile ya mwili wenyewe, na "projestini" ni zile za kutengenezwa kiwandani, mathalani levonojestreli.

Upande wa hofu ni mgumu zaidi. "Kujifunza hofu" huweza kueleweka kama kusoma somo liitwalo hofu. "Kujifunza kuogopa" ni wazi zaidi. Wahenga walilijua jambo hili kabla ya maabara: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Katika maabara unyasi ni taa ya rangi fulani, na nyoka ni mshtuko mdogo wa umeme. Baadaye taa huwashwa mara nyingi bila ya umeme, na hofu hupungua. Kuna waiitao hali hii "kutoweka kwa hofu". Sisi hatukubaliani nao. Tangu siku za Pavlov imejulikana kwamba itikio lililonyamaza huweza kurudi lenyewe baada ya muda. Yaani mafunzo ya kale hayakufutika, bali yamefunikwa na mafunzo mapya kwamba taa haina hatari. "Kufifia" lafaa, kwa kuwa kilichofifia chaweza kukolea tena.

Tofauti hiyo si ya mapambo. Mwaka 2013 Bronwyn Graham na Mohammed Milad walichapisha utafiti ambamo wanawake waliotumia vizuiamimba vya homoni, walipopimwa baada ya hofu kufifishwa, walionekana kuukumbuka ufifiaji huo kwa udhaifu zaidi kuliko wanawake wasiovitumia. Panya jike waliopewa levonojestreli walionyesha udhaifu kama huo, na dawa iliposimamishwa kabla ya mafunzo ya kufifisha hofu, udhaifu uliondoka. Kilichodhoofika ni kumbukumbu ya usalama. Aandikaye kwamba "vidonge huleta woga" amesema jambo ambalo utafiti haukulisema.

Liko pia neno "athari". Katika vitabu lina maana ya badiliko lolote linaloachwa na jambo fulani, jema au baya. Mitaani, hasa likitajwa pamoja na dawa, husikika kama "madhara". Katika kijitabu cha zahanati ni afadhali kuandika "mabadiliko yanayoweza kutokea", na "madhara" yawekwe pale tu palipo na dhara.

Kitenzi nacho kipimwe. Wanawake wale hawakupangiwa dawa kwa kura. Walikuwa wamekwisha kuchagua wenyewe. Hivyo kwa upande wao "huhusiana na" ni salama kuliko "husababisha", na "huenda" au "yamkini" visiachwe kwa kutafuta ufupi. Sentensi yetu ingekuwa: "Yamkini matumizi ya baadhi ya vizuiamimba vya homoni yanahusiana na udhaifu wa kukumbuka kufifia kwa hofu." Ni ndefu, twakiri, na karani wa uchapaji atanung'unika, lakini mwalimu anaweza kuifafanua darasani pasipo kumtisha mtu.