Sarafu Huangushwa na Hofu Pia

Wengi wetu hudhani kwamba sarafu ya nchi huanguka kwa sababu moja tu, nayo ni kuishiwa. Wachumi wa nadharia ya michezo, elimu inayochunguza namna mtu anavyoamua jambo huku akikisia uamuzi wa mwenzake, wametuonyesha sababu ya pili, nayo ni hofu.

Mwaka 1996 mchumi Maurice Obstfeld alitoa mfano mwepesi. Tuchukulie kwamba serikali imeahidi kulinda thamani ya sarafu yake, nayo ina akiba ya dola 10. Sokoni wamo wafanyabiashara wawili wa fedha, kila mmoja akiwa na uwezo wa kununua dola 6. Akishambulia mmoja peke yake, akiba hubaki 4, sarafu husimama, naye hula hasara ya gharama zake. Wakishambulia wote wawili, wanadai 12 penye 10. Akiba hukauka, sarafu huanguka, nao hupata faida. Basi kila mmoja hujiuliza: mwenzangu atafanya nini? Akiamini kuwa atatulia, naye hutulia. Akiamini kuwa atashambulia, naye hushambulia. Nchi ni ile ile na akiba ni ile ile, lakini miisho ni miwili. Lau akiba ingekuwa 20, wasingethubutu. Lau ingekuwa 6, mmoja angetosha.

Hayo si ya vitabuni tu. Tarehe 16 Septemba 1992 Uingereza ilipandisha riba kutoka asilimia 10 hadi 12, kisha ikatangaza 15, ili kuitetea pauni. Soko halikuamini, kwani kila mtu alijua kwamba wenye mikopo ya nyumba wasingestahimili riba hiyo. Jioni ile ile serikali ikasalimu amri.

Thailand nayo ilikuwa na madeni mengi ya muda mfupi, na sehemu kubwa ya akiba yake ilikwisha kufungwa katika mikataba ya kuuza dola siku za mbele. Tarehe 30 Juni 1997 Waziri Mkuu Chavalit Yongchaiyudh aliahidi hadharani kwamba baht haitashushwa. Siku mbili baadaye ikaachiwa. Dola moja, iliyokuwa karibu baht 25, ikapita baht 50 Januari 1998. Aliyekopa kwa dola na kuuza kwa baht akaona deni lake limekuwa maradufu. Viwanda vikafungwa, na vibarua wakarejea vijijini.

Tunajifunza nini? Hofu haimwangushi kila mtu. Humtafuta aliye dhaifu. Serikali isiahidi kiwango ambacho wananchi wake hawawezi kuubeba mzigo wake, wala isifiche hali ya akiba yake, maana siri ikifichuka huondoka na imani yote. Kibarua yule wa Bangkok hakucheza mchezo ule, lakini yeye ndiye aliyelipa.