Pochi za Sarafu za Mtandaoni: Ufunguo Uko kwa Nani?

 

Katika ziara ya daawa mkoani Mara, tukipita Musoma, Bunda na Butiama, suali lililotufikia zaidi baada ya darsa halikuwa la talaka wala la mirathi kama tulivyozoea. Lilikuwa la simu. Vijana wa huko, wakiwemo wenzetu wa Unguja na Pemba wenye maduka na wanaonunua dagaa wa ziwani, wanaweka akiba katika pochi za sarafu za mtandaoni, na wengi wao wamekwama. Mmoja anaziona pesa lakini hazitoki. Mwengine amebadilisha simu na pochi haifunguki. Mwengine ametuma kwa makosa na hazirudi. Kwa kuwa akiba hizo ndizo zinazosubiriwa huku visiwani kwa ada za skuli, ujenzi na mahari, tumeona tulieleze jambo hili kwa familia zetu.

Pochi hii ni kitu gani?

Jina lenyewe linapoteza watu, kwani ndani ya pochi hamna sarafu. Sarafu, iwe bitcoin au USDT, ni maandishi katika daftari linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi duniani. Kinachotunzwa na pochi ni ufunguo wa siri, na mwenye ufunguo ndiye anayeweza kuamuru sarafu iende wapi.

Pochi ziko za aina mbili. Katika aina ya kwanza ufunguo unashikwa na kampuni, na mteja ana jina na neno la siri tu. Katika ya pili mtu anaushika mwenyewe. Siku ya kwanza programu humpa maneno 12 au 24, na yeyote mwenye maneno hayo ndiye mwenye mali.

Fiqhi inasemaje?

Wanazuoni wanalo neno "qabdh", yaani mali kuingia mkononi mwa mtu akawa anaweza kuitumia. Huko Butiama yako machimbo ya dhahabu ya Buhemba. Mchimbaji mdogo wa pale hahitaji kufundishwa neno hilo: dhahabu inapimwa mbele yake, analipwa, wanaagana. Sheria yetu nayo imetaka kubadilishana dhahabu, fedha na sarafu kuwe papo kwa papo, mkono kwa mkono.

Sasa tuangalie pochi. Ikiwa ufunguo uko kwa kampuni, namba unayoiona kwenye simu ni dai tu. Umemdai mtu usiyemjua, katika nchi usiyoijua, na siku akifilisika utasimama kwenye foleni ya wadai. Ndivyo ilivyokuwa kwa kampuni ya FTX, yenye makao yake Bahamas, iliyoanguka Novemba 2022. Wateja walikuwa wakiona salio lao kamili kwenye simu, kumbe mali yao ilishatumiwa. Mwasisi wake alihukumiwa kifungo cha miaka 25 Machi 2024.

Na ikiwa ufunguo unao mwenyewe, qabdh ipo, lakini mzigo wote wa kuhifadhi ni wako. Hakuna wakala wa kumwendea, wala namba ya huduma kwa wateja itakayokurejeshea maneno yaliyopotea.

Matatizo tuliyoyakuta zaidi

*Akaunti ya jina la mwengine.* Kijana hana kitambulisho cha NIDA, anafungua kwa jina la rafiki. Siku ya kutoa pesa kampuni inataka sura ya mwenye kitambulisho, naye ameshahama au wamegombana. Huu ni uongo katika mkataba, na khasara yake humrudia mwenyewe.

*Kutuma pasipo.* USDT moja husafiri katika mitandao tofauti, kama vile TRC20 na ERC20. Ukichagua mtandao ambao upande wa pili haupokei, au ukikosea herufi za anwani, pesa zinaweza kupotea moja kwa moja. Muamala huu haurejeshwi kama ule wa simu.

*Ujumbe wa uongo.* Katika kuuziana mtu na mtu, muuzaji huachia USDT baada ya kuona ujumbe kwamba shilingi zimeingia. Ujumbe huo hutengenezwa. Angalia salio lako kwanza, usitazame ujumbe.

*"Msaidizi" anayeomba maneno ya siri.* Aliyekwama akiuliza hadharani, hutokea mtu mpole akamtaka aandike maneno yake 12 ili asaidiwe. Hakuna msaidizi wa kweli anayeyahitaji. Ukimpa, umempa pochi.

*Pochi ya chambo.* Huu tuusimame kidogo. Mtu asiyejulikana anatuma maneno ya siri ya pochi yenye USDT nyingi, akijifanya hajui kitu. Anayeyapata anaifungua, anaona pesa, na anaambiwa aweke TRX kidogo kwa ajili ya ada ndipo azitoe. Akiiweka inafyonzwa papo hapo, na zile USDT hazitoki kamwe, kwa sababu pochi imefungwa kwa ufunguo wa pili. Ndugu zetu, mtego huu haumnasi ila aliyekubali moyoni mwake kuchukua mali ya mtu. Aliyeiona mali hiyo akasema "si yangu" ameokoka hata kama hajui chochote cha teknolojia.

Sheria ya nchi na kauli za wanazuoni

Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini na kwamba shilingi ndiyo fedha yetu. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae na mabadiliko haya. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kutozwa kodi hakumaanishi kwamba serikali imekudhaminia: ukitapeliwa, hakuna bima ya amana kama ile ya benki.

Wanazuoni nao wamekhitalifiana. Dar al-Ifta ya Misri iliharamisha bitcoin mwanzoni mwa 2018. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikataza mwaka 2021 kuzitumia kama fedha. Malaysia, baraza la sharia la mamlaka ya masoko ya mitaji liliruhusu mwaka 2020 biashara ya mali hizi kwa masharti. Nasi tunasema hivi: mwenye kujiepusha ameihifadhi dini yake na mali yake. Ama anayekopa, au anayeingiza pesa za ada za watoto akisubiri zipande, huyo amekwenda kwenye gharari iliyokatazwa.

Haki za wengine ndani ya simu yako

Ukipokea sarafu iliyotumwa kwako kwa makosa, ni amana, irejeshe. Kukosekana kwa njia ya kukulazimisha hakukuhalalishii.

Zaka ni wajibu juu ya unachokimiliki kikifikia nisabu ya thamani ya gramu 85 za dhahabu na kupitiwa na mwaka, asilimia 2.5. Kilichozuiliwa na kampuni hakitolewi zaka mpaka kipatikane, na hapo muulize sheikh wako kuhusu miaka iliyopita, kwani madhehebu yametofautiana.

Kubwa zaidi ni mirathi. Mtu akifa Unguja akaacha nyumba na mikarafuu, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana itajua pa kuanzia. Akiacha pochi ambayo maneno yake yamo kichwani mwake peke yake, hakuna kadhi wala kamisheni itakayoifungua. Mjane na mayatima watakosa fungu walilopangiwa na Mwenyezi Mungu, na deni la marehemu litabaki bila ya kulipwa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa.

Tunanasihi

Asiyeingia, asiingie kwa kuona wenzake. Aliyekwishaingia:

1. Asajili kwa jina lake na kitambulisho chake.
2. Aandike maneno ya siri kwenye karatasi, asiyapige picha, na aihifadhi mahali pawili.
3. Atume kwanza kiasi kidogo cha majaribio.
4. Asiache kwa kampuni mali ambayo hawezi kuikosa.
5. Amjulishe mke, mzazi au ndugu muaminifu kwamba pochi ipo, na aandike katika wasia karatasi ilipo, bila ya kuyaandika maneno yenyewe humo.

Na nyinyi wazazi, kijana akikwambieni pesa "zimekwama", msimtukane wala msimtumie nyengine za kuzikwamua. Muulizeni kwanza: ufunguo uko kwa nani?

Wallahu aalam.